Ijumaa Iliyoahirishwa

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini sitalitaja. Kulitaja bila kibali ni kosa, kibali hutolewa na Idara ya Maana, na mimi niliyekuwa karani wa idara hiyo siku hizi sina mhuri. Kwa hiyo nitasema tu "nchi yetu", na nyinyi mtaijua kwa mwendo wake.

Kwanza niseme kwamba mimi ni mtu mwema. Nasema mapema kwa sababu najua mkifika katikati kuna watakaoanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Miaka kumi na minne nimekaa Dirisha Namba Tatu, sijachelewa kazini hata siku moja, sijanywa hata soda ya mtu. Mezani kwangu palikuwa na mhuri wa pili, kikombe cha chai, na pamba.

Pamba inahitaji maelezo kidogo. Kwetu kila mtumishi wa umma anayekaa dirishani husaini daftari asubuhi na kupewa vipande viwili vya pamba, kimoja cha sikio la kulia na kimoja cha kushoto, na jioni huvirudisha. Sababu ni ya kisheria. Sheria ya Uelewa, kifungu cha sita, inasema mtumishi wa umma hawezi kujua jambo lolote ambalo halimo ndani ya faili. Sasa wananchi wetu, mnawajua, ni watu wa maneno. Mtu hajajaza fomu, keshaanza: "Mwanangu, hali yenyewe ni hivi." Ukimsikia umeshajua, na ukishajua umeshavunja sheria. Basi unatia pamba, unatabasamu, unasubiri midomo yake itulie, halafu unatamka maneno ambayo kwetu ni adabu ya kawaida kabisa: "Sijakusikia, mama. Andika." Wageni husema ule ni ukatili. Ni utaratibu tu, na pamba yenyewe ni laini.

*

Bi. Atanasia alikuja dirishani kwangu Jumatatu, saa mbili na dakika tano, akiwa wa kwanza kwenye foleni. Ni mama mwenye kibanda cha kushona sare za shule karibu na stendi, mwenye vidole vilivyojaa alama za sindano. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Mumewe, dereva wa lori la saruji, alikuwa amevuka mpaka wiki tatu nyuma kwenda nchi jirani ya ng'ambo ya mto, ambako watu wanasema Kifaransa, na tangu hapo kimya. Halafu Jumapili mchana ukaingia ujumbe kutoka kwenye simu yake huyo mume, lakini maneno si yake. Ulikuwa hivi, nami nanakili herufi kwa herufi:

"madam vot mari e isi sal 4 il parl pa. vené avan vandredi avek papié. apré on depl tou lé san non"

Kifaransa cha namna hiyo hakifundishwi popote. Ni cha mtu aliyekisikia maisha yake yote na hakuwahi kukiona kwenye daftari. Bi. Atanasia, asiyejua Kifaransa hata cha salamu, alifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye simu na kiherehere angelifanya. Aliuweka ujumbe ule kwenye kundi moja la mtandaoni lenye watu laki mbili, wasiojuana, akaandika chini yake: "Jamani naombeni msaada, hii ni lugha gani na inasemaje? Imetoka kwenye simu ya mume wangu."

Walimjibu watu mia mbili na kumi na wanne. Mmoja alimwambia ni mapishi ya samaki. Mwingine alimwambia amefukuzwa na mke mwenzake, apige namba ifuatayo kwa dawa ya kumrudisha mume. Wengine wengi waliandika "pole", wengine walituma mikono iliyofumbatwa ya kuomba dua, na mmoja alimuuliza kama anakodisha chumba. Lakini dakika ya kumi na moja aliingia mama mmoja aliyejiita Mama Beya, muuza vitenge huko huko ng'ambo. Alisoma, akaandika:

"Dada, pole. Anasema: mama, mumeo yuko hapa, wodi namba nne, haongei. Njoo kabla ya Ijumaa na karatasi zake. Baada ya hapo wote wasio na jina wanahamishwa."

Huyo Mama Beya hakuishia hapo. Aliipigia namba ile, akaongea na mwanamke anayepiga deki wodini, ndiye aliyetuma ujumbe. Lori lilipinduka likaungua, pamoja na karatasi zote. Simu ilibaki mfukoni ikiwa na kioo kilichopasuka, na jina moja tu lililoweza kusomeka: "Mke." Hospitali ile haikubali jina la mgonjwa kwa mdomo wala kwa simu, inataka ndugu na vyeti. Na wao wana madirisha yao.

Haya yote Bi. Atanasia alinieleza kwa sauti, mfululizo, kabla sijafikia pamba yangu. Nilikuwa bado naimega.

*

Hapa kuna jambo moja naomba niliseme haraka. Mimi nilisoma Kifaransa miaka minne, kwa gharama ya serikali, na ndiyo sababu niliajiriwa Idara ya Maana. Alipoibandika ile simu kwenye kioo cha dirisha, niliielewa sentensi nzima kwa mpigo mmoja, pamoja na uchafu wake. Nilielewa wodi, nilielewa Ijumaa, nilielewa wasio na jina.

Lakini nifanyeje? Kifungu cha tisa kinamkataza mtumishi anayejua lugha fulani kuitafsiri lugha hiyo, kwa sababu atakuwa na upendeleo kwa maana. Mtu anayejua Kifaransa, akiona sentensi ya Kifaransa, atataka kusema inachosema. Huko ni kuegemea upande mmoja. Ndiyo maana tafsiri zetu zote hufanywa na watu wasiojua lugha husika, wanaoitazama sentensi kwa haki, bila kujuana nayo.

Nikatia pamba. Nikatabasamu. Nikamwambia, "Sijakusikia, mama. Andika."

Nikampa Fomu Namba Tisa, Maombi ya Kuvuka Mpaka kwa Sababu Iliyoandikwa kwa Lugha ya Kigeni. Aliijaza akiwa amesimama, kwa mwandiko mkubwa. Jina la mume, la baba yake, la babu yake: Sefania Mbogo Lukindo. Kwenye kipengele cha nane, kinachouliza "Umejuaje unachokijua?", aliandika kwa uaminifu wake wote: "Niliuliza watu mtandaoni." Akaambatisha vyeti halisi, cha ndoa na cha kuzaliwa cha mume, kwa sababu nakala hazipokelewi. Nilivipokea mimi, kwa mkono wangu huu, nikavitia pini.

"Vitarudi lini?" aliniuliza, akionyesha kwa vidole ili nielewe.

"Faili likikamilika," nikamwambia.

*

Kipengele cha nane ndicho kilichowasha moto. Kufika Jumanne asubuhi faili lilikuwa limepanda ghorofa nne, na saa sita mchana Waziri wa Maana, Mheshimiwa Dakta Mhandisi Kanali Mstaafu Polikapi Simbeye, alikuwa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake ilikuwa na maumivu ya kweli, "mtu akiwa na njaa huenda jikoni. Mtu akiwa na homa huenda zahanati. Mtu akiwa na sentensi, huenda wapi? Huja serikalini. Sasa huyu mama amechukua sentensi iliyoingia ndani ya mipaka yetu, ameitoa hadharani haina nguo, na watu laki mbili wasio na anwani wakaishikashika. Najiuliza, hiyo maana waliyompa, wameitoa wapi? Nani aliwapa? Na wakati wanampa, sisi tulikuwa wapi? Serikali hii ni sikivu. Kwa nini hakuiambia?"

Mwandishi mmoja aliuliza, basi sentensi yenyewe inasemaje. Waziri alimtazama kwa huruma akasema hilo ndilo ambalo hakuna mtu anayelijua kwa sasa. Kumbukeni wakati huo mji mzima ulikuwa unalijua. Wauza karanga walikuwa wanalijua. Mlinzi wa geti la wizara alinisimamisha nikitoka, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule mume ameshapata ndugu wa kumtambua.

Jumatano iliundwa Tume ya Sentensi, wajumbe saba, wote wakiwa wameapa kwamba hawajui Kifaransa na hawajawahi kukitamani. Mmoja aliondolewa dakika za mwisho kwa sababu ilibainika ana shangazi ng'ambo, akawekwa mwingine. Tume ilipewa kazi mbili: kwanza kuipata maana halali, pili kuwatambua wale wageni mia mbili na kumi na wanne, ambao kisheria sasa walikuwa Watuhumiwa wa Maana. Orodha ya majina yao ya mtandaoni ilibandikwa kwenye mbao za matangazo za posta zote, kuanzia Mama Beya mpaka yule wa samaki. Yule wa samaki alifuatwa kwake siku hiyo hiyo. Mke wake alisema alikuwa mtu wa kupenda kusaidia, ila hajui kitu.

Kwenye tangazo la serikali jina la mgonjwa halikuchapwa. Aliandikwa "mume husika".

*

Alhamisi saa tatu Bi. Atanasia aliitwa mbele ya Tume. Ukumbi ulijaa. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni na faili mapajani, kwa kuwa mwenye mhuri wa pili ndiye hulibeba. Waziri mwenyewe aliongoza kikao.

Walimuuliza maswali mengi. Alikuwa anawafahamu hao wageni? Hapana. Aliwaamini vipi? Akasema hakuwaamini, aliwauliza tu. Hakuona ofisi ya serikali njiani? Akasema ilikuwa Jumapili. Wajumbe wakanong'onezana, na katibu akaandika kwamba shahidi anailaumu Jumapili.

Halafu akaacha kujibu. Akasimama pale, mama mfupi mwenye gauni la maua yaliyochujuka, akasema, "Waheshimiwa, mimi sina ubishi na mtu. Kama nimekosa, nimekosa. Nifungeni Jumatatu. Ila kesho ni Ijumaa, na mume wangu hawezi kusema yeye ni nani. Ataondolewa kama mzigo usio na mwenyewe. Nikimkosa hapo nitamtafutia wapi?"

Akanigeukia mimi.

"Karani, si wewe una vyeti vyangu? Nirudishie vyeti tu. Sitaki kibali, sitaki tafsiri. Huko mtoni nitajua mwenyewe."

Vilikuwa mapajani mwangu. Niliweza kuhisi ile pini kupitia kitambaa cha suruali. Ukumbi mzima ulinitazama, na Waziri naye, na nikaona mkono wangu unakwenda mfukoni, polepole, wenyewe. Nikatia pamba. Sikio la kulia, kisha la kushoto.

"Sijakusikia, mama," nikasema.

Baadhi ya watu waliguna. Waziri alitikisa kichwa kwa kuridhika, na baadaye nilipata barua ya pongezi kwa utulivu. Ninayo hadi leo, sijui niitupe wapi.

*

Ila Waziri wetu ana moyo, msimseme. Yale maneno ya yule mama yalimgusa. Alitoa leso, akajifuta, akainuka.

"Mama huyu analia juu ya Ijumaa," alisema. "Na kweli, Tume haiwezi kumaliza kazi leo. Sasa tuseme serikali ikae tu, imwache mwananchi wake asumbuliwe na Ijumaa? Haiwezekani. Kwa mamlaka niliyopewa, naiahirisha Ijumaa mpaka Tume itakapotoa ripoti. Mama, nenda kapumzike. Kesho ni Alhamisi."

Watu walipiga makofi mpaka viti vikasogea. Wengine walitoa machozi. Bi. Atanasia pekee ndiye aliyebaki amesimama, akiwaangalia mmoja mmoja kama anatafuta aliye mzima.

Na kweli, kesho yake ilikuwa Alhamisi ya Pili. Redio ilitangaza hivyo asubuhi, magazeti yakaandika hivyo. Gulio la Ijumaa halikufunguliwa, na wakulima waliokuja na nyanya wakalala nazo barabarani. Walimu walirudia somo la Alhamisi, siku baada ya siku, mpaka watoto wakawa wanaimba majina ya mito usingizini. Bibi harusi mmoja wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa aolewe Jumamosi, alikaa na hina yake ikafutika, akapakwa nyingine, nayo ikafutika. Gereza kuu lilikuwa na mfungwa aliyekuwa amalize kifungo chake Ijumaa. Alikunja blanketi lake kila asubuhi, na kila jioni akalikunjua. Wazee wa msikitini walisali Ijumaa yao kimyakimya, kwa milango iliyofungwa, na askari aliyekuwa doria akavua viatu akaingia.

Wanaokaa mpakani ndio waliopata shida zaidi, kwa sababu mto wetu si mpana. Siku ya Alhamisi ya Pili walisikia adhana ya mchana ng'ambo, wakaona watu wa kule wamevaa kanzu safi. Wakaja kuripoti kwamba kule imeshaingia Ijumaa. Waliandikwa majina yao kwa kueneza tarehe za kigeni.

Bi. Atanasia alikuja dirishani kila Alhamisi. Hakuniambia kitu tena. Alikuwa anasimama, anatazama rafu ambapo faili lake lingekuwepo kama lingekuwepo, kisha anaondoka kwenda kushona. Msinione sina moyo. Usingizi wenyewe nilikuwa siupati vizuri, na chai ilikuwa inapoa mezani bila kunywewa. Faili lilibaki kwa Tume, vyeti nikaachiwa nivitunze mimi, na mara mbili nilifungua droo nikavitazama. Ningeweza kumpenyezea chini ya kioo, sekunde moja tu. Nikajiambia kwamba bado ni Alhamisi.

*

Tume ilitoa ripoti Alhamisi ya Kumi na Saba. Kurasa mia tatu na kumi, na maana ilipatikana kwa kura nne dhidi ya tatu. Tafsiri halali, iliyosomwa na Waziri akiwa amesimama kwa miguu miwili, ilikuwa hii: "Bibi mtukufu, nchi yetu inaitakia nchi yako afya njema. Vyumba vinne viko tayari kwa ajili ya ujumbe wako. Njooni mapema na makabrasha ya uwekezaji."

Basi ikabidi mwaliko uitikiwe. Wajumbe saba na Waziri walivuka kwenda kuvitafuta vile vyumba vinne, na vibali vyao vilinipitia vikakamilika kwa robo saa. Kwa kuwa sentensi sasa ilikuwa na maana, hata faili la Bi. Atanasia lilikamilika, na kwa kuwa alikuwa ndiye bibi mtukufu, naye akapewa kibali cha siku mbili. Nilimrudishia vyeti vyake, vyote viwili, na pini.

Alivuka jioni ile ile. Kilichotokea huko nilikijua baadaye, kwa midomo ya madereva. Wodi namba nne ilikuwepo. Kitanda kilikuwepo, kimetandikwa shuka mpya, na juu yake amelala mzee mwingine kabisa. Yule mama wa deki alimshika mkono, akamwonyesha dirisha ambako basi la wasio na jina lilikuwa limeegeshwa siku ile, na wakalia wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake. Ofisini walimpa karatasi moja, ya Kifaransa, iliyopigwa chapa vizuri, yenye mihuri miwili.

*

Alhamisi ya Kumi na Tisa alirudi dirishani kwangu, maana kibali lazima kirudishwe kilipotolewa. Foleni ilikuwa ndefu. Alikaa kwenye benchi la mbao, hatua nne kutoka nilipo, akiwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Ile karatasi hakuinyanyua kunionyesha. Nilimwona anaipiga picha, anaiweka kwenye lile kundi, anaandika. Nikatoa simu yangu chini ya meza, nikatazama. Aliandika: "Jamani, ni mimi tena. Naombeni anayejua anisomee hii. Ni ya mume wangu."

Hakuna aliyejibu.

Ilipita nusu saa. Watu laki mbili, na wote walikuwa wameona, maana simu inaonyesha waliosoma. Lakini majina yalikuwa posta. Mama Beya alikuwa ameshafutwa kwenye kundi siku nyingi, na yule wa samaki alikuwa hajarudi nyumbani. Hata mtu wa kuandika "pole" hakutokea. Ilipita saa nzima. Bi. Atanasia alikuwa anaiwasha simu, anaizima, anaiwasha. Mwisho akaiweka mapajani, akakunja mikono juu yake, akawa anatazama sakafu.

Nami nilikuwa nimeshaisoma picha ile kwenye simu yangu, mara tatu. Kifaransa safi, mtoto angekielewa.

Sijui kilichonipata. Nilifungua jina jipya, Mpita Njia, nikaandika, mhuri ukiwa umelala pembeni unanitazama:

"Dada yangu, inasema hivi. Mgonjwa asiye na jina namba 31, mwanamume, alihamishwa Ijumaa asubuhi akiwa hai kwenda hospitali ya mji wa Kalonvu. Ndugu anayemtambua afike na vyeti ndani ya siku kumi tangu tarehe ya barua hii, baada ya hapo jalada litafungwa. Yu hai, dada. Usijaze fomu nyingine, watakumalizia siku. Vyeti unavyo. Pita njia ya panya nyuma ya machinjio, waulize madereva wa mkaa. Ukifika waambie waziwazi, huyu ni Sefania Mbogo Lukindo."

Nikatuma. Simu yake ikalia pale kwenye benchi. Nilimwona anasoma, midomo ikienda taratibu. Alipofika mwisho alirudi juu akaanza tena. Halafu alinyanyua uso, lakini hakuangalia mbinguni wala hakuangalia watu wa foleni. Aliniangalia mimi.

Akainuka. Watu wakampisha. Akafika dirishani, akaweka kibali chake mezani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Lukindo ni babu yake. Hilo jina sijamtajia mtu yeyote mtandaoni. Niliandika kwenye fomu yako tu."

Miaka kumi na minne, ndugu zangu. Kabla sijafikiri, pamba hata sikuwa nimetia siku ile, mdomo wangu ulifunguka wenyewe ukasema, "Sijakusikia, mama. Andika."

Hakukasirika. Alichukua kalamu iliyofungwa kwa kamba, akavuta Fomu Namba Tisa kutoka kwenye rundo, akaigeuza nyuma penye nafasi ya maelezo ya ziada. Akaandika mstari mmoja kwa ule mwandiko wake mkubwa, akaisukuma chini ya kioo. Kisha akaondoka, na kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona anakata kushoto, kuelekea machinjio.

Ilikuwa imeandikwa: "Karani wa Dirisha la Tatu alikuwa anajua tangu Jumatatu."

Ilikuwa kwa Kiswahili, haikuhitaji tume. Na kilichoandikwa kikapokelewa dirishani kisheria ni lazima kiingie kwenye faili, na kikishaingia serikali imeshakijua. Ningeweza kuichana. Nyuma yangu palikuwa na ndoo ya taka, hakuna aliyekuwa anatazama. Nilikaa nayo mkononi mpaka mtu wa nyuma kwenye foleni akagonga kioo. Nikaipiga mhuri wa pili, nikaitia pini, nikaipandisha ghorofani.

Walikuja kuchukua mhuri siku mbili baadaye, ambayo nayo ilikuwa Alhamisi, kwa kuwa Waziri alikuwa bado ng'ambo na hakuna mwingine mwenye mamlaka ya kuirejesha Ijumaa. Walichukua na pamba, nikasaini daftari.

Kama Bi. Atanasia alimkuta mumewe, sijui. Hakuna faili linalosema. Sasa hivi nauza maji ya kunywa karibu na machinjio, na kila nikimwona mtu anatokea ile njia ya nyuma, dereva wa mkaa au nani, namsimamisha namuuliza, kwa mdomo, kama amemwona mama mfupi mwenye gauni la maua, au mwanamume anayeitwa Sefania Mbogo Lukindo. Wengi wananitazama tu, wanapita.